Kamera Ambayo Haijamtazama Mtu

Ukimuuliza mtu wa Gongoni, hapa Tabora mjini, Adinani ni nani, atakujibu kwamba ni yule mzee wa picha. Kama ni mtu wa makamo ataongeza kwamba harusi yake aliipiga Adinani, na mtoto wake wa kwanza alipigwa na Adinani akiwa amekalishwa juu ya stuli na kushikiliwa mgongoni na mkono usioonekana. Sasa muulize mtu huyo huyo mke wa Adinani, Mwanamkuu, alikuwa na sura gani. Hapo atasita. Alikuwa maji ya kunde, atasema, ana mwanya, mchekaji. Ukitaka uonyeshwe picha yake, hakuna, ukiacha ile ndogo ya kitambulisho cha taifa ambamo amekunja uso kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Msibani kwake watu walisema mengi juu ya jambo hilo. Wapo waliosema ni dini, wapo waliosema ni tabia ya wapiga picha, wanapiga wa nje wanasahau wa ndani. Si kweli hata moja. Sababu ilikuwa utani, na utani wenyewe ulikuwa mdogo sana. Adinani aliubeba miaka yote mpaka ukamvunja mgongo.

Ukoo wake ulikuja Tabora na misafara. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi aliyetoka Ujiji na mzigo begani, akafika hapa, akautua, akasema haendi mbele wala harudi nyuma. Wajukuu wake wakawa mafundi: wa viatu, wa mbao, wa cherehani. Adinani akawa wa picha. Alianza ujanani akifagia studio ya bwana mmoja karibu na stesheni, na yule bwana alipofunga studio na kuhama mji, alimwachia kamera ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia, iliyokwisha kutumika kabla haijafika kwake. Kila kitu humo unakifanya mwenyewe. Mwanga unaukisia kwa macho, umbali unauzungusha kwa vidole, mkanda wa picha unausogeza kwa kidole gumba. Haina betri.

Kwa kamera hiyo Adinani alioa, alijenga, na alimsomesha binti yake wa pekee, Najiat. Siku za gulio alipanda treni, mara kwenda Tura upande wa mashariki, mara kwa njia ya Mwanza mpaka Bukene, kamera kifuani na redio mkononi. Redio ilikuwa mbovu, haikusema neno tangu ainunue, lakini wakulima walipenda kupigwa wakiwa wameishika. Ikawa inazunguka kwa watu, na picha za nusu ya mkoa zina redio moja ile ile. Hakuna aliyelalamika.

Akishapiga, kazi yake iliishia hapo. Kusafisha picha kulikuwa kwa Mwanamkuu. Kando ya jiko lao palikuwa na stoo isiyo na dirisha, wakaigeuza kuwa chumba cha giza, na humo mke ndiye aliyekuwa mkuu. Alivua pete, akafunga mlango, akaufungua mkanda gizani kwa kupapasa, akautia dawa huku akihesabu kimoyomoyo. Akitoka, jasho linamtiririka, na picha zinaning'inia kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Adinani aliwahi kujaribu mara moja, Mwanamkuu akiwa ametoka kujifungua, akaunguza harusi nzima ya watu wa Isevya. Tangu hapo hakuingia tena mle na mkanda mkononi. Watu walimsifu kwa picha nzuri, naye alizipokea sifa zote bila kumgawia mtu, kama wanaume wengi wa umri wake.

Utani wenyewe ulianzia kwenye mlango wa stoo hiyo. Walikuwa wameoana karibuni. Adinani alimkuta mkewe ametoka kazini, mikono inanuka dawa, akamwona mzuri, akainua kamera. Mwanamkuu akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

"Hilo jicho lako limeshawatazama wanawake wote kuanzia Tabora mpaka Nzega," akasema. "Mimi sipangi foleni. Lete ambalo halijamtazama mtu, nitakaa siku hiyo hiyo."

Adinani alicheka mpaka akaishusha kamera. Basi ikawa desturi ya nyumba. Kila Idi, baada ya swala, alimuuliza, "Leo je?" Naye hujibu, "Limeshatazama." Hata simu za picha zilipokuja, binti yake akimwelekezea tu, kanga ilipanda usoni kabla kidole hakijagusa. Najiat ana picha nyingi za mama yake kwenye simu, na zote ni za kanga.

Simu hizo hizo ndizo zilizomaliza kazi ya Adinani. Kamera ya Kirusi ikaingia kabatini, naye akafungua kibanda cha kuuza asali anayoletewa na jamaa zake wa Ntalikwa. Alisema haoni uchungu. Labda hakuona, kwa sababu Mwanamkuu alikuwa naye pale kibandani kutwa, na walikuwa na mengi ya kutaniana.

Kisha, mwaka jana, mvua zilipokatika, Mwanamkuu akaanza kukosa hamu ya chakula. Vipimo vilipotoka, daktari alimweleza Adinani pembeni kwamba ni ini, na limeshaharibika sana. Alisema miezi, hakusema mingapi. Adinani aliishika hiyo "miezi" akaenda nayo nyumbani, akaamini ni mingi. Mwanamkuu alikuwa amekaa kwenye benchi na hakusikia kilichosemwa, lakini hakuwa na haja ya kukisikia. Mwili ulikuwa wake.

Najiat anafanya kazi Dar es Salaam. Alikuja, akakaa na mama yake mpaka ruhusa ilipokwisha, na siku ya kuondoka alimvuta baba yake uani.

"Baba, mimi sina picha ya mama. Watoto wangu watakuja kuniuliza bibi yao alikuwaje. Nitawaonyesha nini?"

"Nitampiga," Adinani akasema.

"Kwa simu hatakubali."

"Nani kasema simu? Nitampiga picha ya kweli, na yeye mwenyewe ataisafisha."

Maneno hayo yalimpa Najiat nguvu ya kupanda basi. Alipofika Dar alitafuta vijana wanaopenda mambo ya kale, akapata kwao mikanda miwili na pakiti za dawa ya kusafishia, akazituma. Kilichobaki ni kamera tu. Adinani akaitoa ile ya Kirusi kabatini, akakuta kitambaa cha ndani, kile chembamba kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie, kimeoza na kuchanika. Akampelekea Mussa, fundi saa wa pale sokoni. Mussa aliitazama, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Pole, mzee. Hii imekwenda."

Ndipo ilipoanza kazi ya kuchagua. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa dukani kwa Bi Kherunisa, mjane anayeuza nyuzi, vifungo na zipu karibu na soko kuu. Marehemu mumewe, Parvez, aliacha kamera ya Kijapani, ya mkanda, ya kuzungusha kwa mkono, na ilikuwa imekaa kwenye kabati la kioo nyuma ya kaunta tangu afe. Njia ya pili ilikuwa kwenye simu ya Najiat. Alikuwa amegundua kwamba huko ng'ambo bado zipo kampuni chache zinazotengeneza kamera za namna hiyo, mpya kabisa, ndani ya boksi na karatasi yake ya dhamana. Unaagiza, unasubiri.

Jioni, akimkanda mkewe miguu, Adinani alimweleza yote mawili.

"Ya Bi Kherunisa ipo hapo hapo dukani?" Mwanamkuu akauliza.

"Ipo. Lakini imeshatazama."

"Kaichukue."

"Mama Najiat, hiyo imetazama harusi zote za Wahindi wa mji huu."

"Nimesikia, baba Najiat. Kaichukue."

Hakucheka aliposema. Adinani alicheka kwa niaba ya wote wawili. Alijua, au alidhani anajua, kwamba mkewe anaona haya kumsumbua Najiat, kama alivyoona haya kumsumbua mtu yeyote maisha yake yote. Mwanamkuu hakuwa na tabia ya kusema jambo mara mbili, na jioni hiyo alilisema mara mbili. Adinani hakulipima hilo.

Asubuhi akaenda dukani.

"Habari za asubuhi, Bi Kherunisa."

"Nzuri, fundi. Mama Najiat kaamkaje?"

"Anajitahidi."

Bi Kherunisa aliitoa kamera kabatini, akaifuta vumbi, akaiweka kwenye kaunta juu ya kipande cha mahameli. Adinani akaikagua jinsi kamera iliyotumika inavyotakiwa kukaguliwa. Alifungua mgongo, akauelekeza mlangoni kwenye jua, akatafuta tundu kwenye kitambaa, hakuona. Aliigeuzageuza lenzi kutafuta ukungu, ule unaotambaa ndani ya kioo kama utando wa buibui kamera ikifungiwa muda mrefu. Palikuwa na kidogo pembeni, si wa kudhuru picha. Akaiweka kwenye mwendo wa polepole, akabonyeza, akasikiliza. Ikafunguka, ikatulia, ikafunga. Sponji za mgongoni, za kuzuia mwanga usiingie, ziligeuka lami, lakini hizo Mussa angezibadilisha siku hiyo hiyo. Kipimo cha mwanga hakikuwa na betri, ila Adinani tangu lini alihitaji kipimo cha mwanga?

Ilikuwa kamera nzuri. Kwa chuma, kwa uzito, kwa mlio wake, iliizidi mbali ile mpya ya Najiat, ambayo kwenye simu ilionekana nyepesi na ya plastiki. Fundi yeyote angeichukua na kushukuru.

"Nenda nayo," Bi Kherunisa akasema. "Sitaki kitu. Imekaa tu hapa inanitia simanzi."

"Marehemu aliipigia nini zaidi?"

"Kila kitu. Harusi, sherehe zetu, watoto wakimaliza shule. Mimi kanipiga mpaka nikachoka. Picha zangu zimejaa sanduku."

Sanduku zima la picha za mwanamke mmoja. Adinani aliona wivu, na juu ya wivu akaona aibu. Parvez hakuwa hata mpiga picha, alikuwa muuza zipu. Akalifikiria jicho hilo lililomtazama mke wa mtu maisha yote, sasa ligeuzwe limtazame wa kwake mwishoni, kama chakula kilichobaki. Akafikiria na mengine. Kila alichompa Mwanamkuu kilikuwa kimeshatumiwa na wengine: kitanda, meza, baiskeli, cherehani, hata pete aliinunua kwa sonara aliyeinunua kwa mtu. Palikuwa na jambo moja tu ambalo angeweza kumpa likiwa jipya, na mkewe mwenyewe ndiye aliyelitaja, zamani, mlangoni mwa stoo.

Akaifunga kamera, akairudisha juu ya mahameli, akashukuru. Akiwa bado barazani mwa duka alimpigia Najiat na kumwambia aagize mpya.

Alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Mwanamkuu alikuwa uani, amekaa kwenye kiti mbele ya ukuta wa stoo, pale ambapo asubuhi mwanga hugonga ukuta wa jirani ukarudi umelainika. Alivaa doti mpya ya kanga aliyokuwa ameiweka tangu Idi. Alipaka wanja. Masikioni alikuwa na vipuli vya dhahabu, na ncha za vidole vyake zilikuwa na hina, vidole ambavyo miaka yote havikushika hina kwa sababu ya dawa za picha. Mikono ilikuwa mapajani, na miguu iliyoanza kuvimba ameificha chini ya kanga.

Adinani aliyaona yote hayo. Alidhani walikuja wageni.

"Nimeikataa," akasema. "Nimemwambia Najiat aagize mpya. Ambayo haijamtazama mtu, mama Najiat. Wewe utakuwa wa kwanza."

Mwanamkuu alimtazama mikono, kisha uso.

"Itafika lini?"

"Wiki tatu. Zikizidi, nne."

"Vizuri, baba Najiat," akasema.

Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kanga ya kila siku na ungo wa mchele, akakaa kuchagua mawe. Vipuli alisahau kuvivua. Mtu aliyekula maisha yake yote kwa kutazama nyuso za watu alikaa mbele ya uso huo mpaka adhuhuri, akizungumza habari za boksi na dhamana, na hakuona kitu.

Ini halikumngojea mtu. Kwanza Mwanamkuu aliacha kupika, kisha akaacha kutoka uani. Macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji, mashavu yakaondoka. Wanawake wa mtaa waliokuja kumjulia hali walimsalimia wakitazama ukuta. Mzigo, kila Najiat alipofuatilia, uko njiani. Kila jioni Adinani alimweleza mkewe umefika wapi, umelala wapi, unatarajiwa lini, kana kwamba mzigo ndio mgonjwa. Mwanamkuu alisikiliza na kuitikia.

Mwishowe hofu ikamshika. Siku moja, baada ya kumlisha uji akakubali vijiko viwili tu, alimwacha na jirani, akaenda mbio mpaka dukani kwa Bi Kherunisa.

"Ile kamera bado ipo?"

"Ipo. Ilikuwa iende wapi?" Bi Kherunisa akaitoa kabatini. "Afadhali umekuja, fundi. Siku ile niliumia sana ulipoiacha. Alikuwa amenipigia simu asubuhi."

"Nani?"

"Mkeo. Alitaka kujua umeshafika au bado. Alisema nikucheleweshe kidogo, hina haijakauka."

Adinani alikumbuka vipuli. Alikiona tena kile kiti, na ukuta, na ule mwanga ambao yeye mwenyewe alimfundisha mkewe kuutambua, akaelewa kwamba picha ilikuwa imekaa pale uani tayari, inamsubiri aje na jicho lolote lile. Alikuja mikono mitupu, anajisifu. Alilia hapo hapo kati ya nyuzi na zipu, na Bi Kherunisa akafunga ubao mmoja wa mlango ili wapita njia wasimwone mtu mzima katika hali hiyo.

Alirudi na kamera, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nimeileta," akasema. "Ya Bi Kherunisa. Nisamehe, mama Najiat. Sikuelewa."

Mwanamkuu alitoa mkono chini ya shuka, akaipapasa kamera kwa vidole, kila kifungo.

"Nzuri," akasema. "Nzito."

"Nikuinue nikukalishe?"

"Hapana. Sasa hapana."

"Uso ni ule ule."

"Usinidanganye. Nimesafisha nyuso za watu miaka yote hiyo, najua uso ukishaondoka. Sitaki Najiat abaki na huu. Akiwa na picha moja tu, atanikumbuka kwa huu peke yake."

Adinani aliomba. Hakuomba hivyo hata siku alipokwenda kuposa. Mwanamkuu alitikisa kichwa taratibu mpaka akachoka kukitikisa. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilimuumiza Adinani kuliko lote, maana angekaripiwa angepata walau pa kujitetea.

Boksi lilifika siku chache baadaye. Adinani aliliweka stoo kwenye rafu, karibu na mikanda, hakutaka hata kulitazama. Lakini Mwanamkuu alisikia mlango, akasikia mtu anaaga, na alasiri, mwanga wa dirishani ulipopoa, aliuliza.

"Ndiyo hiyo imekuja?"

"Ndiyo hiyo."

"Haijamtazama mtu?"

"Hata mimi sijaitoa kwenye boksi."

Alifumba macho. Adinani alidhani amelala.

"Basi ilete," Mwanamkuu akasema. "Unitazame nayo. Lakini usitie mkanda."

Adinani akaenda stoo, akafungua boksi. Mikanda miwili ya Najiat ilikuwa pale pale ilipowekwa. Akachukua mmoja, akauweka kiganjani. Kuutia si kazi, vidole vyake vingeweza hata gizani. Mkewe asingejua. Angempiga, na siku ikifika angemzika, na Najiat angekuwa na mama wa kuwaonyesha watoto. Alisimama na mkanda kiganjani mpaka akamsikia Mwanamkuu anakohoa chumbani. Akaurudisha kwenye rafu.

Alipoingia na kamera, Mwanamkuu alinyoosha mkono, kama anayetaka kufungua mgongo na kupapasa ndani. Mkono ulifika nusu ya njia, akaurudisha kwenye shuka.

"Nakuamini," akasema.

Adinani alimwekea mito mgongoni, akamfunga kanga vizuri kichwani, akapiga goti sakafuni. Alifumba jicho moja, akazungusha lenzi, na uso uliokuwa umefifia ukakaza, ukasimama wazi. Siku zote alijua kutazama akiwa nyuma ya kioo kuliko akiwa mbele ya mtu, ndivyo alivyokuwa. Manjano aliyaona. Mifupa aliiona. Na alimwona Mwanamkuu, mzima, yule wa mlangoni mwa stoo, na moyo wake ukajaa upendo na majuto kwa pamoja. Akabana viwiko mbavuni.

"Inua kidevu," akasema. "Kidogo. Hapo hapo."

Mwanamkuu akainua kidevu, akatabasamu, mwanya ukaonekana. Adinani akabonyeza.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Basi," Mwanamkuu akasema, akafumba macho apumzike.

Wiki haikufika. Alifariki alfajiri ya Ijumaa na akazikwa baada ya swala. Najiat alipanda basi la kwanza aliloliona, lakini Dar ni mbali, na alipofika usiku kaburi lilikuwa limeshafukiwa na wanaume wamesharudi. Alikaa msibani na wanawake siku zote, na kila aliyemkumbatia alimwambia amefanana na mama yake, naye hakuwa na picha ya kulinganishia.

Baada ya hitima, watu walipopungua, Najiat aliingia stoo kupanga vitu, akaikuta kamera mpya. Akatoka nayo uani ameishika kwa uangalifu. Adinani alikuwa amekaa mkekani.

"Baba. Hapa kwenye kidirisha pameandikwa moja. Kuna picha imepigwa."

Adinani alitazama kidirisha, kisha mkeka.

"Ulimpiga," Najiat akasema, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Alhamdulillahi. Mbona hukuniambia, baba? Usiogope, sitaifungua. Nitaondoka nayo hivi hivi, wale vijana wa Dar wataisafisha."

"Fungua."

"Si itaungua?"

"Fungua, mwanangu. Hamna kitu."

Najiat aliikumbatia kamera kifuani, akakataa. Ikabidi Adinani ainuke, aichukue, aifungue mwenyewe. Mgongo uliachia, na ndani palikuwa peusi na safi, pananuka kiwanda. Najiat alichungulia, akatia kidole.

"Mikanda niliituma," akasema.

"Ipo. Alinikataza nisitie."

"Asingejua."

"Ndiyo. Asingejua."

"Nimekuta kaburi limefukiwa, baba. Sikumwona. Yeye asingejua, na mimi ningekuwa naye."

Maneno hayo hayo Adinani alijiambia stoo, mkanda ukiwa kiganjani, na amejiambia kila siku tangu hapo. Alilitunza neno la mkewe na kumnyima binti yake, alilijua hilo wakati akilifanya, na lilikuwa linamuuma pande zote mbili.

Najiat akaifunga kamera, akaiweka chini. Akakaa mkekani karibu na baba yake, akajifuta uso kwa mtandio.

"Basi niambie wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyemwona. Alikuwaje?"

"Alikaa vizuri," Adinani akasema. "Aliinua kidevu. Alikuwa amechoka, lakini alikuwa mzuri."

Najiat akasubiri. Adinani alihangaika na midomo, akitafuta neno la macho, neno la paji la uso, neno la lile tabasamu, na hakulipata. Katika maisha yake yote hakuwahi kumweleza mtu sura ya mtu. Alikuwa anampa picha.

"Alikuwa mzuri," akasema tena, na Najiat akaendelea kumsubiri.